Gofu mashimo 18 kwenye joto kali: maji kiasi gani, glavu zipi, mwavuli hadi wapi?

MpiraChini anauliza:

Habari wakuu. Kiangazi kimeingia na ratiba ya mashindano haiangalii joto. Naomba tusaidiane kwa undani kuhusu raundi ya mashimo 18 kwa miguu, muda wa saa nne na nusu hivi uwanjani, joto la nyuzi 33 hadi 36 na unyevunyevu mwingi hewani. Ushauri wa "kunywa maji mengi, vaa kofia" tunaujua wote. Ninachotafuta ni vipimo.

Maji kiasi gani, kuanzia lini, na chumvi inaingia wapi? Mikono ikilowa jasho mpaka fimbo inazunguka kiganjani, dawa yake ni nini? Mwavuli unaruhusiwa na kanuni hadi wapi? Na je, umbali wa mpira unabadilika kiasi cha kukufanya uchague fimbo nyingine?

Kivuli anajibu:

Nianze na maji, maana hapo watu hukosea pande zote mbili: wapo wanaokunywa kidogo mno na wapo wanaojijaza mpaka wanaumwa.

Hakuna kiasi kimoja kinachomfaa kila mtu. Mmoja anatoka jasho nusu lita kwa saa, mwenzake wa kundi hilohilo anatoka lita moja na nusu. Kwa hiyo pima. Nenda haja ndogo, vua nguo, panda kwenye mizani. Cheza mashimo 9 kwenye joto la aina hiyo huku ukiandika kila mililita unayokunywa. Ukimaliza jifute jasho, vua nguo tena (nguo iliyolowa ina uzito wake na inaharibu hesabu), pima. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Tuseme ulianza na kilo 78.4, umemaliza na 77.6, na umekunywa lita 1.5 kwa saa mbili na robo. Jasho lote ni 0.8 kujumlisha 1.5, yaani lita 2.3, takriban lita moja kwa saa. Mashimo 18 yatakutoa lita 4.6 hivi.

Huhitaji kuzirudisha zote ukiwa uwanjani. Lengo ni uzito usipungue zaidi ya asilimia 2, ambayo kwa mtu huyu ni kilo 1.5 na kidogo. Zinabaki lita 3.1 za kunywa, sawa na mililita 170 kwa kila shimo, mafunda manne au matano makubwa. Kunywa ukitembea kutoka kwenye tii (sehemu ya kuanzia kila shimo) kuelekea mpira wako, kila shimo. Ukifanya hivyo hata shimo la kwanza, ambapo bado huna kiu, hutajikuta shimo la 13 unamimina nusu lita kwa mkupuo halafu tumbo linacheza wakati wa kupiga.

Kabla ya raundi, mililita 500 saa mbili kabla ya muda wako wa kuanza, ili kilichozidi kitoke kwa mkojo mapema, kisha mililita 200 hivi dakika 15 kabla. Mkojo wa asubuhi ukiwa wa njano iliyokolea, umeanza siku ukiwa na deni. Baada ya raundi, kwa kila kilo iliyopungua rudisha lita 1.25 hadi 1.5 taratibu kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi.

Uzito ukiongezeka baada ya raundi, umekunywa kupita kiasi. Hilo si jambo dogo. Maji matupu mengi hupunguza sodiamu kwenye damu: kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba, na baadaye kuchanganyikiwa. Wengi wakiona dalili hizo hudhani ni upungufu wa maji, wanaongeza maji, na hali inazidi kuwa mbaya.

Hapo ndipo chumvi inapoingia. Raundi ya chini ya saa mbili, maji peke yake yanatosha. Ya saa nne na zaidi, nusu ya unachokunywa kiwe na chumvi na sukari kidogo. Kwa lita moja ya maji weka robo kijiko cha chai cha chumvi (kama gramu 1.5, inayotoa takriban miligramu 600 za sodiamu) na gramu 50 hadi 60 za sukari, yaani vijiko 4 hadi 5 vya mezani vilivyosawazishwa, pamoja na ndimu ili kinyweke. Usizidishe sukari. Soda nyingi zina sukari zaidi ya asilimia 10, na kinywaji kizito namna hiyo hukaa tumboni badala ya kupita. Ukiona mistari myeupe ya chumvi kwenye kofia au shati lililokauka, wewe ni mtu wa jasho la chumvi na unahitaji mchanganyiko huu kuliko wenzako. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza kuhusu chumvi na sukari hizi.

Kuhusu baridi: usigandishe chupa nzima. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, chupa iliyojaa hupasuka, na hata isipopasuka itakupa mafunda mawili tu hadi shimo la 6. Jaza nusu, ilaze ubavu kwenye friza ili barafu iwe ndefu kando ya chupa na mdomo ubaki wazi, asubuhi ongeza maji. Beba moja ya hivyo na nyingine ya maji ya kawaida.

FimboTisa anajibu:

Naunga mkono, ila maji ya baridi sana siyapendekezi. Mwili ukiwa wa moto ukiupa maji ya barafu unaushtua, misuli inabana. Bora ya uvuguvugu.

Kivuli anajibu:

@FimboTisa hilo linasemwa sana lakini si sahihi, ndugu yangu. Misuli kubana uwanjani husababishwa na uchovu wa misuli, na kwa baadhi ya watu upotevu wa chumvi. Maji ya baridi hayahusiki. Kinyume chake, kinywaji cha nyuzi 10 hadi 15 watu hukinywa zaidi kwa hiari kuliko cha vuguvugu, na kinapoza kutoka ndani. Hata barafu iliyosagwa kama uji, ukinywa kabla ya kuanza, inashusha joto la mwili kidogo na kukupa nafasi zaidi kabla hujapata moto. Tahadhari moja tu: kunywa kwa mafunda. Ukiteremsha nusu lita ya barafu kwa pumzi moja, kweli tumbo litanyonga na kichwa kitauma kwa muda.

GripuKavu anajibu:

Mikono sasa, mimi naona hapa ndipo raundi nyingi za kiangazi zinapopotelea, kuliko hata uchovu.

Angalia jasho linatoka wapi. Ukisimama kwenye mpira mikono yako inaning'inia. Jasho la mkono mzima, kuanzia kiwiko, linateremka kwenye kigasha, linapita kifundo na kuingia ndani ya glavu kutoka juu. Mtu anafuta kiganja, anashika fimbo, na sekunde kumi baadaye kiganja kimelowa tena. Futa kigasha kwanza, kuanzia kiwiko kushuka chini, ndipo ufute kiganja. Bangili ya kitambaa kwenye kila kifundo inakamata linalobaki. Ni kitu kidogo na kinaleta tofauti kubwa.

Glavu ziwe tatu angalau. Moja mkononi, mbili zinakauka. Badilisha kila baada ya mashimo matatu, hata kama unaona ya mkononi bado inafaa, kwa sababu ikishalowa kabisa haitakauka kabla ya raundi kuisha. Zinazokauka zifunge nje ya begi au kwenye mpini wa troli (kitoroli cha kubebea begi), zikiwa wazi na vidole vimenyooshwa, upande wa kivuli. Usizitupe mfukoni mwa begi na usizianike kwenye jua la moja kwa moja: ngozi laini iliyolowa jasho ikikaushwa kwa haraka inakakamaa, chumvi inabaki kwenye mikunjo, na siku ya pili inapasuka kwenye gumba. Kwa wanaotoka jasho jingi mno, glavu za mvua za kitambaa, zinazovaliwa mikono yote miwili, zinashika vizuri zaidi kadiri zinavyolowa. Watu huzisahau kwa sababu zinauzwa kwa jina la mvua.

Taulo ziwe mbili na zisichanganyike. Moja imelowa nusu, ya kusafishia fimbo na mpira. Nyingine kavu kabisa, inakaa chini ya mwavuli au ndani ya mfuko, kazi yake ni mikono na mipini tu. Ukishaifutia uso wenye losheni ya jua, taulo hiyo imekwisha kazi.

Maana losheni ndiyo adui mkubwa wa mpini. Mafuta yake yanapenya kwenye mpira wa mpini na kuung'arisha, na jasho likija juu yake fimbo inageuka sabuni. Osha mipini kila baada ya raundi mbili au tatu za joto: maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, brashi laini, suuza kwa kitambaa kilicholowa, kausha, acha usiku mzima. Usiuweke mpini chini ya bomba ukiwa umeelekea juu. Mwisho wake una tundu dogo, maji yakiingia humo yanashuka ndani ya bomba la chuma la fimbo na kuleta kutu. Mpini ambao baada ya kuoshwa bado unang'aa na haushiki umezeeka, badilisha. Na ukibadilisha, ile yenye nyuzi ndani ya mpira inavumilia jasho kuliko ya mpira mtupu, ingawa inakwaruza kiganja kisicho na glavu.

Poda na resini (utomvu wa kuongeza mshiko) zinaruhusiwa, mwenye kujua kanuni atathibitisha.

Kanuni_Kwanza anajibu:

Zinaruhusiwa. Kanuni 4.3a inataja glavu za kawaida, resini, poda, vitu vya kukausha au kulowesha mikono, hata kuviringisha taulo au leso kwenye mpini. Yote halali.

Mwavuli una utata kidogo, na adhabu ipo. Kanuni 10.2b inasema hivi kwa ufupi: usipige mpira wakati kedi wako (msaidizi anayekubebea begi), mtu mwingine yeyote, au kitu kilichowekwa makusudi kinakukinga dhidi ya jua au mvua, au kinazuia jua lisiangukie mpira. Kabla ya pigo, kedi anaweza kukushikia mwavuli muda wote utakao: ukitembea, ukisoma mteremko, ukichagua fimbo. Pigo linapoanza lazima awe ameuondoa. Ila wewe mwenyewe ukiushika juu ya kichwa chako kwa mkono mmoja na kuusukuma mpira kwa mkono wa pili, hapo huna kosa. Ukivunja kanuni hii ni mikwaju miwili ya adhabu kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, na kupoteza shimo kwenye mchezo wa shimo kwa shimo.

Chunga hasa troli yenye mwavuli uliofungwa. Ukiiacha popote tu na kivuli kikakufikia kwa bahati, si makusudi. Ukiivuta karibu ili kivuli kikufunike unapopiga, umeweka kitu makusudi. Mwenzako wa kundi akikuuliza, jibu liwe la kweli.

Kuhusu ugonjwa wa ghafla, Kanuni 5.6a inazuia kuchelewesha mchezo bila sababu, lakini mtu aliyezidiwa na joto kwa kawaida kamati humpa hadi dakika 15 apate nafuu. Mwambie mweka alama wako (anayeandika matokeo yako) na mtafute afisa wa mashindano mapema, usikae tu kimya chini ya mti. Na asikudanganye mtu kwamba ni lazima ubebe fimbo 14. Hiyo 14 ni kikomo cha juu.

Jambo dogo la nyongeza: kupasha mpira joto kwa makusudi ili uruke zaidi kunakuondoa mashindanoni, Kanuni 4.2a. Mpira uliopata joto mfukoni mwako bila wewe kukusudia hauna shida.

BankaMbili anajibu:

Umbali, ndiyo, unabadilika, na kiasi chake kinahesabika. Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa takriban asilimia 6 hadi 7, hivyo mpira unapata upinzani mdogo. Pigo la draiva (fimbo ya kupiga mbali zaidi) la mita 210 linaongezeka kama mita 5 hadi 7 hewani, fimbo namba 7 kama mita 2 hadi 4. Wengi huamini hewa yenye unyevunyevu ni "nzito" na inauzuia mpira. Kisayansi ni kinyume: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, ila tofauti yake ni ndogo mno, usiiweke kwenye hesabu kabisa.

Kinachobadilisha fimbo kwelikweli ni ardhi. Fewei (nyasi fupi kati ya tii na shimo) iliyokauka inaongeza mruko na mwendo kuliko hewa. Lenga mpira utue mbele ya grini (nyasi fupi sana zinazozunguka shimo) na uingie ukiviringika, badala ya kuulenga kwenye bendera. Banka (mitego ya mchanga) za kiangazi nazo mchanga wake ni mkavu na laini, mpira unazama. Fungua uso wa fimbo zaidi, ingia sentimita 5 nyuma ya mpira na usisimamishe mkono.

Halafu kuna upande wa pili wa hesabu, ambao ni mwili. Kuanzia shimo la 13 au 14 miguu imechoka, mzunguko wa kiuno unapungua, na zile mita ulizopewa na hewa zinapotea. Dalili ni mpira kupigwa sehemu yake ya juu au kuishia kulia kwa anayepiga mkono wa kulia. Hapo chukua fimbo moja kubwa zaidi na upige kwa robo tatu ya nguvu. Ukijaribu kulazimisha umbali, unatumia nguvu ambazo huna na unajiongezea joto.

Muda wa kuanza ni silaha kubwa kuliko zote. Mionzi ya jua ni mikali kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na joto la hewa linafika kileleni kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Ukianza saa 12 na nusu asubuhi unamaliza saa 5, ukiwa umekutana na saa moja tu ya jua kali. Umande wa asubuhi unalowesha soksi na kupunguza mwendo wa grini kwa mashimo matano ya kwanza, basi sukuma mpira kwa nguvu kidogo zaidi na uwe na soksi za akiba. Ukipangiwa saa 6 mchana na huna uchaguzi, punguza mazoezi ya kabla: mipira 10 hadi 15, si kapu zima, kisha maliza kwenye grini ya mazoezi ukiwa kivulini kadiri inavyowezekana. Joto la mwili unalolipata kwenye mazoezi unaondoka nalo hadi shimo la mwisho.

Na tembea pembeni, kwenye mstari wa miti. Wakati mwenzako anapiga, simama kivulini nyuma yake ukiwa umeshachagua fimbo na kuvaa glavu. Kanuni zinapendekeza pigo moja lisizidi sekunde 40 tangu zamu yako ifike, na muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tangu mabadiliko ya 2019. Kundi likifuata hayo linaokoa nusu saa ya jua bila kukimbia.

MpiraChini anauliza:

Nashukuru sana wakuu, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Mawili yamebaki: mavazi na losheni, na uzito wa begi. Je, kuna haja ya kukodi kigari cha kupanda badala ya kusukuma troli?

Kivuli anajibu:

Mavazi: shati la rangi isiyokolea, pana kidogo, kitambaa chepesi cha polista kinachotoa jasho nje, ikiwezekana mikono mirefu. Wengi wanashtuka kusikia mikono mirefu, lakini kitambaa chembamba kilicholegea kinazuia mionzi isikupige moja kwa moja huku jasho likikauka juu yake. Kitambaa cha kinga ya UPF 50 kinapitisha sehemu moja tu ya mionzi kati ya 50. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba inapitisha nyingi zaidi, na ikilowa inapitisha nyingi zaidi ya hapo, kisha inakuwa nzito na kunata mwilini. Kofia iwe ya ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo, na gofu ni mchezo wa kuinamisha kichwa: shingo ya nyuma inatazama jua saa nne nzima.

Losheni ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, inayokinga miale ya UVA na UVB, dakika 20 kabla ya kutoka. Kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu kama umevaa kaptura. Watu wengi hupaka nusu ya kiasi hicho na kupata kinga pungufu sana ya iliyoandikwa kwenye chupa. Rudia kila saa mbili, yaani karibu na shimo la 8 na tena la 15. Kwenye paji la uso tumia ya kijiti au yenye zinki, kwa sababu ya maji inateremka na jasho na kuchoma macho. Mkono usio na glavu unaungua nyuma ya kiganja, usiusahau. Paka kwa kutumia mgongo wa mkono mwingine ili viganja vibaki safi, @GripuKavu ameshaeleza kwa nini. Ya kupuliza usipulize ukiwa umesimama kwenye nyasi za tii au grini: inaunguza nyasi, na siku chache baadaye nyasi zinazozunguka alama za viatu vyako zinakuwa za kahawia. Simama kwenye njia ya lami au saruji.

Mapajani na kwapani paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, kuzuia michubuko. Soksi ziwe nyembamba zisizo za pamba, na badilisha baada ya shimo la 9. Malengelenge yanatokana na ngozi iliyolowa kusuguana na soksi iliyolowa, na dakika mbili za kubadilisha zinakuokoa na wiki ya kuchechemea.

Taulo la baridi shingoni linafanya kazi kwa maji kukauka. Hewa ikiwa kavu ni msaada mkubwa. Unyevu ukiwa asilimia 80 halikauki, linabaki kuwa kitambaa cha moto chenye maji. Huko tumia barafu yenyewe, iliyofungwa ndani ya leso. Na nusu ya raundi, kama kuna ndoo au sinki, tumbukiza mikono hadi kwenye viwiko kwa dakika 5 hadi 10 kwenye maji baridi. Damu nyingi hupita karibu na ngozi hapo na inarudi mwilini ikiwa imepoa.

GripuKavu anajibu:

Begi: mzigo kamili wenye fimbo 14 unafika kilo 12 hadi 15. Anza na mipira. Mmoja hauzidi gramu 46, kumi na miwili ni zaidi ya nusu kilo, beba mitano. Toa koti la mvua kama hakuna dalili. Fimbo 9 hadi 10 zinatosha ukiondoa zile zinazopishana kwa mita 10 tu. Maji ni kilo 3 kamili, kwa hiyo uliza kabla kama kuna mahali pa kujaza kwenye raundi, ubebe lita moja na nusu kwa wakati mmoja.

Troli ya kusukuma mbele ni bora kuliko ya kuvuta nyuma, bega na kiuno havipindi. Kubeba mgongoni kwenye joto hilo sishauri kabisa: begi linaziba mgongo, sehemu kubwa ya kutolea jasho. Kigari kinapunguza kazi ya mwili, lakini kikisimama hakina upepo, na kiti cha plastiki kinawaka, tandika taulo. Siku ambayo vigari haviruhusiwi kutoka kwenye njia, beba fimbo tatu unapouendea mpira, la sivyo utatembea kwenda na kurudi mara mbili na kumaliza umechoka kuliko mwenye troli.

HudumaYaKwanza anajibu:

Naomba niongeze, kwa sababu hapa panaweza kupotea maisha.

Joto la kipimajoto pekee halikwambii hatari. Nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 mwili unazihisi kama nyuzi 40 au 41, na hesabu hiyo ni ya kivulini. Juani inaweza kuongezeka hadi nyuzi 8. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto, ukifanya mazoezi ya kuongeza kidogokidogo: mashimo 9 siku za mwanzo, kisha 18. Mtu aliyetoka kwenye baridi juzi asicheze raundi kamili leo. Dawa za kuongeza mkojo, baadhi za presha, za mzio na za msongo wa mawazo hupunguza uwezo wa kujipoza. Anayezitumia amuulize daktari wake, asiache dawa mwenyewe. Pombe iwe baada ya raundi na baada ya maji, si wakati wa mchezo.

Kuishiwa nguvu kwa joto: jasho jingi, ngozi ya ubaridi, kizunguzungu, kichefuchefu, mapigo ya haraka. Mchezo umeishia hapo kwa mtu huyo. Mlaze kivulini, inua miguu, legeza nguo na viatu, mloweshe na kumpepea, mpe kinywaji chenye chumvi kwa mafunda. Ndani ya nusu saa asipopata nafuu, hospitali.

Kiharusi cha joto: joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi, na dalili kuu ni akili. Anaongea yasiyoeleweka, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, hajui yuko shimo la ngapi, au anazimia. Msidanganyike na ngozi. Watu wanangojea ngozi kavu kama vitabu vya zamani vilivyosema, lakini aliyeshikwa akiwa kwenye mazoezi mara nyingi bado anatoka jasho tele. Mmoja apige simu ya dharura papo hapo na aseme ni shimo namba gani na gari liingilie wapi. Wengine waanze kumpoza sekunde hiyohiyo. Mzamisheni hadi shingoni kwenye maji baridi kama yapo, kichwa kikishikiliwa muda wote. Kama hayapo, mvueni nguo za nje, mwageni maji yote mliyonayo, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, pepeeni mfululizo. Asipewe kinywaji akiwa amechanganyikiwa, kitaingia kwenye mapafu. Panadoli na aspirini hazisaidii joto la aina hii. Kupoza kunaanza kabla ya kusafirisha, na hakukomi mpaka wahudumu wafike.

Mwaka 1964 kwenye US Open (mashindano makubwa ya gofu ya Marekani), uwanja wa Congressional, siku ya mwisho ilikuwa ya mashimo 36 kwenye joto la karibu nyuzi 38. Mchezaji Ken Venturi alipimwa na daktari kati ya raundi mbili na kushauriwa asiendelee. Aliendelea na akashinda. Hadithi hiyo inapendwa, lakini asiitumie mtu kama ushauri. Mwaka uliofuata mashindano hayo yalisambazwa siku nne.

MpiraChini anauliza:

Swali la mwisho kwa @GripuKavu: fimbo zikibaki kwenye buti ya gari kati ya raundi ya Jumamosi na ya Jumapili kuna madhara?

GripuKavu anajibu:

Yapo. Buti ya gari lililoegeshwa juani hupanda mbali zaidi ya joto la nje. Gundi ya utepe ulio chini ya mpini inalainika, na baada ya muda utaona mpini umejizungusha milimita chache: alama iliyokuwa katikati inatazama pembeni, na unaanza kufunga uso wa fimbo bila kujua sababu. Gundi inayoshika kichwa cha fimbo nayo hudhoofika kwa joto la kurudiwarudiwa. Dalili yake ni mlio mdogo wa "tik" unapopiga, au pete nyeusi ya plastiki juu ya kichwa kupanda kwenye bomba. Ukiiona hiyo usiipige tena, kichwa kinaweza kuruka na kumuumiza mtu. Ipeleke kwa fundi aigundishe upya. Kipima umbali na simu pia visibaki humo kwa sababu ya betri. Shusha begi uingize ndani, fungua mifuko yote, toa glavu na taulo, na uliache wima sehemu yenye hewa mpaka asubuhi.